KIPOFU ALIPEWA MTU WA KUMSHIKA MKONO: Historia ya Wasiojiweza katika Uislamu, na Deni Lililobaki kwetu



Kila sifa njema anastahiki Allah Mtukufu. Rehema na amani zimfikie Bwana Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ndugu yangu katika imani, nina swali moja kabla hatujaanza. Unapotoka kuswali Ijumaa unawakuta pale mlangoni wamekaa chini: kipofu, aliyekatwa mguu, bibi kizee, mama aliyempakata mtoto mkubwa asiyeweza kukaa mwenyewe. Unatoa ulichojaaliwa, unasema Allah akufanyie wepesi, unavaa viatu vyako unaondoka. Swali langu ni hili: baada ya wewe kuondoka, yule kipofu anafikaje nyumbani kwake?

Na kuna wengine huwaoni hata pale mlangoni. Katika mtaa wako ipo nyumba yenye chumba ambacho mgeni haingizwi. Ndani yake kuna kijana aliyeugua akili, au binti mwenye kifafa, au mzee aliyesahau hata majina ya wanawe. Ukiuliza hali za watu wa nyumba hiyo unajibiwa "hatujambo", na mazungumzo yanaishia hapo.

Swali hilo la kipofu anafikaje nyumbani, waliotutangulia walijiuliza zaidi ya miaka 1,300 iliyopita. Tena hawakulijibu kwa maneno matupu. Walilijibu kwa daftari, kwa watu wa kuhudumu, na kwa mali iliyowekwa wakfu. Somo la leo ni refu kidogo. Lisome lote, kwa sababu mwishoni kuna jambo nakuomba ulifanye.

1. MSINGI ALIOUWEKA BWANA MTUME (S.A.W.)

Sote tunaijua Suratu Abasa. Tumeihifadhi tangu chuoni. Mtume (S.A.W.) alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Makka akitaraji wasilimu. Akaja kipofu, Abdullah bin Ummi Maktum (R.A.), anataka kufundishwa. Mtume akakunja uso akamgeukia upande mwingine. Allah akateremsha aya za kumzindua Mtume Wake juu ya kipofu yule, na aya hizo zinasomwa mpaka Kiyama.

Wengi wetu tunaishia hapo. Tazama kilichofuata. Ibn Ummi Maktum hakuwekwa pembeni ili aonewe huruma. Alikuwa muadhini wa Mtume pamoja na Bilal (R.A.). Na Mtume alipotoka kwenda vitani, zaidi ya mara moja alimwachia yeye Madina, akiswalisha watu. Yaani kipofu alipewa nafasi na alipewa kazi. Jiulize msikitini kwako kipofu ana kazi gani.

Mtazame Itban bin Malik (R.A.). Macho yake yalidhoofika, na mvua ikinyesha bonde hujaa maji akashindwa kufika kwa watu wake kuwaswalisha. Alimwomba Mtume aende aswali nyumbani kwake, ili naye apafanye mahali pake pa kuswalia. Mtume akaenda. Huyu hakuweza kufika, basi akafuatwa.

Mtazame mwanamke aliyekuwa na kitu katika akili yake, kama ilivyopokewa katika Sahihi Muslim. Alimjia Mtume akamwambia ana haja naye. Mtume hakumfukuza, wala hakuwaambia watu wamtoe. Alimwita kwa heshima ya mama wa fulani, akamwambia achague njia yoyote aitakayo ili amsikilize, akasimama naye kando mpaka akamaliza haja yake. Ndugu yangu, huyo ni kiongozi wa umma mzima amesimama njiani anamsikiliza mtu ambaye wewe na mimi tungempita haraka haraka.

Mtazame na mwanamke mweusi wa Makka aliyekuwa akianguka kifafa. Aliomba dua. Mtume akamhiyarisha: asubiri na malipo yake ni Pepo, au amwombee Allah amponye. Akachagua kusubiri, ila akaomba jambo moja: anapoanguka nguo humfunuka, basi aombewe asifunuke. Mtume akamwombea hilo. Hapa pana fundisho kubwa. Sisi tukimwona mtu wa kifafa tunadhani shida yake ni kuanguka tu. Mwenyewe alikuwa na shida nyingine iliyomuuma zaidi, nayo ni aibu ya kuonekana mwili wake mbele za watu. Hatungelijua hilo kama hakuulizwa na kusikilizwa.

Na huduma ya wagonjwa yenyewe ilianzia msikitini. Katika vita vya Khandaq, mwaka wa 5 Hijria (627), Saad bin Muadh (R.A.) alipojeruhiwa mkononi, Mtume aliamuru awekwe kwenye hema ndani ya msikiti ili awe karibu na kumtembelea. Wanahistoria wa sira wanamtaja Rufayda, mwanamke wa kabila la Aslam, kuwa ndiye mwenye hema hilo, akitibu majeruhi na kuwahudumia Waislamu wasio na mtu wa kuwaangalia.

Sasa wakusanye wote hao. Mmoja alipewa kazi. Mmoja alifuatwa nyumbani. Mmoja alisikilizwa. Mmoja aliombewa sitara. Mmoja alitibiwa. Hakuna wawili waliopewa kitu kimoja, kwa sababu hakuna wawili waliokuwa na haja moja. Huu ndio msingi: kabla hujampa mtu, mjue kwanza.

2. UMAR (R.A.) ANAFUNGUA DAFTARI

Mtume (S.A.W.) alipofariki, Uislamu ukaenea Sham, Iraq na Misri. Watu wakawa wengi mno kujuana kwa sura. Hapo ndipo Amirul Muuminina Umar bin Al-Khattab (R.A.), karibu mwaka wa 20 Hijria (641), akaanzisha diwani, yaani daftari la watu na stahiki zao kutoka Baitul-Mali. Majina yakaandikwa na kila mmoja akajua fungu lake.

Kuna kisa katika daftari hilo nataka ukizingatie. Mwanzo, mtoto mchanga hakuandikiwa fungu mpaka aachishwe ziwa. Ulikuwa utaratibu mzuri ukiusikia. Usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ukapiga kambi nje ya msikiti, na Umar pamoja na Abdurrahman bin Awf (R.A.) wakakesha kuulinda. Umar akasikia mtoto analia. Akamwendea mama yake akamwambia amtulize mwanawe. Mtoto akalia tena, na tena. Umar alipouliza kulikoni, mama, asiyejua anasema na nani, akajibu kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hampi mtoto chochote mpaka aache kunyonya.

Asubuhi Umar aliswalisha Alfajiri kwa kilio, watu hawakusikia vizuri kisomo chake. Alipotoa salamu akajilaumu mbele ya watu kwa watoto wa Waislamu waliodhurika kwa utaratibu wake, kisha akatangaza: msiwaharakishe watoto kuacha ziwa, kila mtoto wa Kiislamu ataandikiwa fungu tangu anapozaliwa. Amri ikapelekwa miji yote.

Ndugu yangu, nia ya Umar ilikuwa safi tangu mwanzo. Lakini utaratibu wenye nia safi ulikuwa unamnyima mtoto maziwa, na aliyelijua hilo ni yule mama peke yake. Angebaki nyumbani kwake asingeambiwa. Ndiyo maana nasema, ukipanga kuwasaidia watu bila kuwauliza wao wenyewe, unaweza kuwaumiza kwa mkono ule ule unaotoa.

Wala huruma ya Umar haikuwa kwa Waislamu peke yao. Abu Yusuf, mwanafunzi wa Imam Abu Hanifa, ameandika katika Kitabul-Kharaj kwamba Umar alipita mlango wa watu akakuta mzee kipofu anaomba. Akamuuliza ni wa watu gani, akajibu ni Myahudi. Kilichomfikisha hapo? Jizya, shida na uzee. Umar akamshika mkono akaenda naye nyumbani kwake, akampa alichokuwa nacho. Kisha akamwita mtunza Baitul-Mali akamwamuru amtazame mzee huyu na walio mfano wake, akieleza kuwa si uadilifu kula ujana wa mtu kisha kumtupa anapozeeka. Akamwondolea jizya, yeye na wenzake wa hali yake. Na Al-Baladhuri anataja kwamba Umar alipokwenda Sham, huko Jabiya, alipita kwa Wakristo wenye ukoma akaamuru wapewe katika sadaka na waandaliwe chakula.

Zingatia: Umar hakuishia kumpa mzee yule. Alisema, "na walio mfano wake". Kwa mtu mmoja akaliona kundi zima.

3. KIONGOZI KWA KIPOFU, MTUMISHI KWA ASIYESIMAMA

Tunafika sasa kwenye kichwa cha somo letu. Mwaka wa 88 Hijria (707), Khalifa Al-Walid bin Abdul-Malik alitoa amri ambayo At-Tabari na wengine wameihifadhi. Wenye ukoma aliwapangia posho, akawakataza kuwaomba watu. Kila asiyeweza kusimama akampa mtumishi. Na kila kipofu akampa mtu wa kumwongoza. Al-Maqrizi anamtaja kuwa wa kwanza katika Uislamu kujenga nyumba ya wagonjwa.

Al-Walid hakuwa Umar. Zama zake zilikuwa na mambo mazito, na gavana wake Hajjaj tunamjua. Lakini haki isemwe. Mtu huyu alielewa kwamba kipofu anahitaji jicho la kuazima, na aliyepooza anahitaji mikono miwili ya mtu mwingine. Dirham peke yake haimvushi kipofu barabara.

Baada yake akaja Umar bin Abdul-Aziz (R.A.), aliyetawala kuanzia mwaka wa 99 mpaka 101 Hijria (717 hadi 720). Aliandika kwa watu wa Sham apelekewe majina ya kila kipofu, kila aliyepooza, na kila mwenye maradhi ya kudumu yanayomzuia kusimama kwa swala. Yalipofika, akaamuru kila kipofu apewe kiongozi, na kila wagonjwa wawili wa kudumu wapewe mtumishi mmoja. Mayatima pia aliwapangia wa kuwahudumia.

Hebu simama kwenye hesabu hiyo: kipofu mmoja, kiongozi mmoja, wagonjwa wawili, mtumishi mmoja. Hii si sadaka ya mtu aliyeguswa moyo siku ya Ijumaa. Mtu amekaa chini, amefikiri kazi hii ina uzito gani, na mtu mmoja anaweza kubeba kiasi gani.

Leo mtumishi huyo ni nani? Ni mama. Ni yule mama anayembeba mgongoni mtoto wa miaka kumi na miwili kwa sababu hana kiti cha magurudumu. Ni mke aliyelala macho miaka mitatu akimgeuza mume aliyepooza asipate vidonda. Ni binti aliyetolewa shule abaki na bibi. Katika hesabu ya Umar bin Abdul-Aziz kazi hiyo ilipangiwa mtu. Sisi tunamwambia avumilie, ana thawabu. Thawabu anazo bila shaka. Lakini mgongo nao unauma, na anayelea naye anahitaji wa kumpokea.

4. NYUMBA ZA WAGONJWA

Kutoka hapo yakazaliwa mabimaristani. Neno hili ni la Kiajemi, maana yake mahali pa wagonjwa. Nakutajia matatu.

La kwanza ni la Ahmad bin Tulun, Misri, lililojengwa katika miaka ya 872 hadi 874. Mgonjwa akiingia, nguo na fedha zake zilihifadhiwa kwa mwaminifu, akapewa nguo nyingine, kitanda, dawa na chakula bila malipo. Alihesabiwa amepona pale alipoweza kula kuku na mkate. Hapo akarudishiwa vitu vyake akaondoka. Wanajeshi na watumwa wa mtawala hawakutibiwa humo, ili nafasi isiliwe na wenye nguvu. Na wagonjwa wa akili walikuwa na sehemu yao.

Ibn Tulun alikuwa akienda mwenyewe kila Ijumaa kukagua. Al-Maqrizi anasimulia kwamba siku moja mgonjwa wa akili aliyekuwa amefungwa alimwita, akamwambia yeye si mwendawazimu, na kwamba anatamani komamanga. Akaletewa komamanga kubwa. Akalifurahia, akalipima mkononi, kisha akamrushia nalo kifuani, likampasukia kwenye nguo. Ibn Tulun akaamuru mgonjwa yule aangaliwe vizuri, na tangu siku hiyo hakurudi tena kukagua. Kisa kinachekesha, lakini kina majonzi. Aliyejenga nyumba nzima kwa mali yake alishindwa na komamanga moja. Kutoa mali ni kazi nyepesi kuliko kukaa karibu na mgonjwa siku atakapokuudhi.

La pili ni la Nurud-Din Zengi, Damascus, la mwaka 1154. Msafiri Ibn Jubayr alilifikia mwaka 1184. Alikuta waandishi wenye daftari za majina ya wagonjwa na matumizi ya kila mmoja, dawa na chakula, na waganga wanaowapitia kila asubuhi. Akaona pia kwamba wagonjwa wa akili walikuwa na matibabu yao, na kwamba walikuwa wamefungwa minyororo. Siwafichi hilo. Historia ikisomwa kwa kujisifu tu haifundishi.

La tatu, kubwa kuliko yote, ni la Sultan Qalawun, Cairo, lililokamilika mwaka 1284. Inapokewa kwamba aliugua tumbo akiwa Damascus, akatibiwa kwa dawa za bimaristani la Nurud-Din, akaweka nadhiri kwamba Allah akimpa ufalme atajenga mfano wake. Alipojenga, akaliweka wakfu kwa mkubwa na mdogo, mfalme na mtumwa, mwanamume na mwanamke. Lilikuwa na sehemu za wenye homa, wenye macho, wa upasuaji, na wanawake mbali. Anayetoka amepona alipewa nguo. Anayefariki alikafiniwa na kuzikwa kwa gharama ya wakfu. Na maskini aliyeugulia nyumbani kwake naye alipelekewa dawa. Al-Maqrizi anakadiria mapato ya wakfu wake kuwa karibu dirham milioni moja kwa mwaka, kutoka kwenye maduka, nyumba na mali nyingine zilizofungwa kwa ajili hiyo.

Na Uturuki, katika mji wa Edirne, Sultan Bayezid wa Pili alimaliza mwaka 1488 jengo la msikiti, madrasa na nyumba ya wagonjwa pamoja. Msafiri Evliya Çelebi, aliyelitembelea katika karne ya 17, ameandika kwamba kulikuwa na waimbaji na wapigaji kumi, waliowatuliza wagonjwa mara tatu kwa wiki, na wagonjwa waliletewa maua wayanuse. Mgonjwa wa akili alionekana bado ni mtu mwenye sikio, mwenye pua, mwenye moyo unaoweza kutulia.

5. MNYORORO ULIRUDIJE?

Ukiishia hapo utatoka unajivuna, na mimi sitaki ujivune. Bimaristani la Qalawun, lenye sifa zote hizo, wasafiri walioliingia katika karne ya 19 walikuta nini? Walikuta wagonjwa wa akili katika vyumba vidogo vya giza, wamefungwa minyororo shingoni, wanategemea mkate wa wapita njia. Jengo ni lile lile, jina ni lile lile, na Qur'ani ilikuwa inasomwa hatua chache kutoka hapo.

Nini kilitokea? Kilichooza ni amana. Mali za wakfu zilikodishwa kwa bei ya bure kwa jamaa na marafiki. Nyingine zilibadilishwa kwa hila za kisheria, zikatoka zikiwa mali ya watu. Wasimamizi walikula na hakuna aliyewauliza hesabu. Baadaye dola zikachukua kilichobaki. Mali ilipokatika, mganga aliondoka, mpishi akaondoka, mwandishi wa daftari akaondoka. Akabaki mlinzi peke yake. Na mlinzi asiye na dawa wala mganga, chombo chake ni mnyororo.

Hilo ndilo jambo ninalotaka ulishike katika somo zima. Mnyororo haukuletwa na ukatili. Ulirudi pale huduma ilipoondoka. Hata ile familia ya mtaani kwako iliyomfunga kijana wao kwa kamba si kwamba hawampendi. Hawana dawa, hawana wa kuwapokezana, wameachwa peke yao mwaka wa tano sasa, na usiku anatoka anaelekea barabara kuu. Ukimhukumu baba yule bila kumpunguzia mzigo, umeongeza mnyororo wa pili.

6. NA SISI WA PWANI NA BARA

Wazee wetu hawakuwa nyuma. Unguja, Pemba, Lamu, Mombasa, wameacha mashamba ya minazi, nyumba na visima vilivyowekwa wakfu. Zanzibar ipo Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana, na Kenya pia iko kamisheni ya wakfu kisheria. Lakini kaa barazani usikilize habari za wakfu. Nyingi ni za kesi: shamba la fulani limeuzwa, nyumba ya msikiti mpangaji analipa kodi ya zamani za babu. Ugonjwa wa Cairo umefika kwetu.

Serikali nazo zimechukua hatua tunazopaswa kuzishukuru. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kuwalipa pensheni wazee wote wa miaka 70 na kuendelea, ikianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au alilima tu. Kenya mwaka 2018 ilifungulia wazee wa umri huo mpango wa Inua Jamii kwa shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Tanzania ina sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 2010. Hospitali za wagonjwa wa akili zipo: Mirembe kule Dodoma, Kidongo Chekundu Unguja, Mathari Nairobi. Ukiyatazama vizuri, hayo ni daftari la Umar limerudi kwa jina jingine.

Lakini bibi asiye na kitambulisho, ambaye hajui kama jina lake linaweza kuandikwa, nani atampeleka ofisini? Kijana aliyepewa dawa hospitali akazimaliza, nani atamrudisha kliniki kabla ugonjwa haujampanda tena? Pensheni haimshiki mtu mkono. Hapo ndipo jirani na msikiti wanapohitajika.

Na tuseme wazi kuhusu majini. Sisi Ahlus-Sunna tunaamini majini wapo, na ruqya ya Qur'ani ni haki. Lakini si kila anayeongea peke yake ana jini, na si kila anayeanguka amerogwa. Kifafa ni maradhi yenye dawa, na wengi wakizinywa kila siku bila kuacha, huacha kuanguka. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu. Msomee mgonjwa wako Qur'ani asubuhi, na saa tatu uwe naye hospitali. Anayekwambia achana na dawa za hospitali, umchape mgonjwa mpaka jini atoke, huyo anaidhulumu ruqya na anamdhulumu mgonjwa. Na anayesema kiungo cha mwenye ualbino kina utajiri, huyo ni mshirikina na muuaji, hana nafasi katika safu zetu.

7. NAKUOMBA UFANYE HAYA

Usiseme ni kazi ya serikali tu. Usiseme nawe huna mali. Msikiti wako hauhitaji dirham milioni moja. Unahitaji mambo manne, yale yale tuliyoyaona.

La kwanza, DAFTARI. Kamati ya msikiti iteue watu wawili waaminifu, mwanamume na mwanamke, wapite nyumba kwa nyumba: nani haoni, nani amelala kitandani, nani anaugua akili, nani analea peke yake. Waulize kila mmoja anahitaji nini yeye, wasimwandikie wanachodhani. Asiye Mwislamu katika mtaa naye aulizwe, ndivyo alivyofanya Umar. Na daftari hilo ni siri. Halisomwi kwenye kipaza sauti, wala picha ya mgonjwa hairushwi mtandaoni ili watu waone mmetoa. Mkumbuke yule mama wa kifafa: aliomba asifunuke.

La pili, MTU. Kila jina liwe na mtu wake. Vijana wawili kwa zamu wamlete kipofu swalani na wamrudishe. Kina mama wawili wampokee mlezi nusu siku kwa wiki, aende sokoni, alale, aoge kwa utulivu. Mwenye bodaboda mmoja aahidi safari ya kliniki mara moja kwa mwezi. Hiyo ni sadaka, na haipungui thamani kwa kuwa haikutoka mfukoni.

La tatu, WAKFU. Minazi mitano. Chumba kimoja cha kupangisha. Cherehani. Kiti cha magurudumu cha kuazimana. Kitu kidogo kinachoingiza kila mwezi ni bora kwa mgonjwa wa kudumu kuliko harambee kubwa ya mara moja, kwa sababu maradhi yake ni ya kila mwezi.

La nne, HESABU. Fedha zisomwe mbele ya waumini kila baada ya miezi mitatu: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Majina ya wanaosaidiwa yabaki siri, ila hesabu iwe wazi. Imamu aulizwe, mweka hazina aulizwe. Bila hili la nne, yale matatu yataishia pale yalipoishia ya Qalawun.

Siku ya Kiyama, kama ilivyopokewa katika hadithi qudsi, Allah atamwuliza mja kwa nini hakumtembelea alipougua. Mja atashangaa, vipi amtembelee naye ni Mola wa viumbe vyote? Ataambiwa kwamba mja fulani aliugua, na lau angemtembelea angemkuta Allah kwake. Ndugu yangu, yule fulani ana nyumba, ana mtaa, ana jina. Kabla ya Ijumaa ijayo nenda ukaligonge lile lango, ukaulize hali mara ya pili baada ya kujibiwa "hatujambo".

Ewe Mola wetu, waponye wagonjwa wetu, wape nguvu wanaowalea, wasitiri waliofichwa majumbani, na utujaalie tuwe wa kuwahudumia kwa haki na heshima. Tulinde tusile amana zao. Aamin.

Mfikishie mwenzako somo hili, hasa aliye katika kamati ya msikiti.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.